Ada, Daftari na Mabati

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mama wa Mraru katika milima ya Taita, Kenya, aliyetaka kupeleka mazao yake sokoni Voi alikuwa na shida moja isiyoisha. Basi lilifika limejaa, na nafasi chache zilizobaki ziligombewa na wanaume wenye vifua vipana. Kikundi cha akina mama wa hapo, tawi la shirika la Maendeleo ya Wanawake, kilijadili suala hilo kikafikia uamuzi uliowachekesha wengi: wangenunua basi lao. Wakachanga kidogo kidogo, wakakopa kilichopungua, na mwaka 1975 basi likaanza kazi.

Kikundi kama hicho kina mizizi miwili. Mmoja uko papa hapa: ngwatio ya Wakikuyu, mwethya ya Wakamba, saga ya Wajaluo, yaani desturi za majirani kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Mzizi wa pili unaanzia mbali.

Tarehe 19 Februari 1897, huko Stoney Creek katika jimbo la Ontario, Kanada, wanawake 101 wa mashambani, pamoja na mwanamume mmoja, walikusanyika katika ukumbi uitwao Squire's Hall wakaunda Women's Institute ya kwanza. Aliyewasha moto huo ni Adelaide Hoodless, mama aliyefiwa na mwanawe mchanga na aliyeamini kwamba mtoto aliuawa na maziwa machafu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: wakulima wanaume walikuwa na chama chao cha kujifunza kulisha ng'ombe, lakini wake zao hawakuwa na pa kujifunza kulisha watoto.

Mwaka 1915 wazo hilo lilivuka bahari hadi kijiji cha Llanfairpwll, Wales, likiletwa na Mkanada mwingine, Madge Watt. Aliyelipa umbo lake Uingereza ni Lady Denman, mwenyekiti wa shirikisho la vikundi hivyo kuanzia 1917 hadi 1946. Yeye alishikilia kura ya siri. Mke wa mwenye shamba na mke wa kibarua wa shamba hilohilo walilipa ada ileile, shilingi mbili kwa mwaka, na kila mmoja alikuwa na kura moja ambayo jirani hakuiona. Siasa za vyama na ubishi wa dini viliachwa mlangoni. Mara moja kwa mwezi walisoma kumbukumbu za mkutano uliopita, wakasikiliza mgeni akifundisha jambo, kisha wakanywa chai.

Na walihitaji mahali pa kuinywea. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vijiji vingi vya Uingereza vilijipatia ukumbi, baadhi kwa kununua mabanda ya mbao yaliyoachwa na jeshi na kuyasimika upya. Hapo ndipo kazi isiyoimbwa ilipoanza: nani ashike ufunguo, nani afagie baada ya dansi, nani adai kodi ya arusi ya Jumamosi, nani apande juu paa likivuja. Kazi hizo zote zilifanywa na watu wasiolipwa hata senti.

Mtindo huo ulipofika Kenya ulivaa nguo nyingine. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari ili kuzima uasi wa Mau Mau. Wanawake wa Kizungu wakishirikiana na maofisa wa maendeleo ya jamii ndio walioiongoza, na viongozi wa vikundi walifunzwa katika Jeanes School, Kabete. Masomo yalikuwa kushona, kufuma, upishi, usafi na malezi. Kufikia 1954 kulikuwa na vikundi zaidi ya 500 vyenye wanachama karibu 37,000.

Idadi hiyo isomwe kwa tahadhari. Kati ya 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja wa Kenya ya Kati walihamishwa kwa nguvu na kufungiwa katika vijiji zaidi ya 800. Humo ndani kikundi cha Maendeleo kiligawa maziwa na supu kwa watoto, na kuwa mwanachama kuliweza kumpunguzia mama kazi ya shokoa. Serikali ilitaka wanawake waipe Mau Mau kisogo, na sindano ya kufumia ilikuwa sehemu ya mkakati. Mama aliyejiunga ili mwanawe anywe maziwa huwezi kumwita mtu wa kujitolea, wala huwezi kumlaumu.

Lakini chombo hakikubaki mikononi mwa waliokiunda. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza shirika. Baada ya uhuru, huko vijijini, somo la vitambaa vya meza likapisha jambo zito zaidi, nalo ni paa.

Vikundi vya mabati vilienea Kenya ya Kati katika miaka ya 1960. Akina mama walilima mashamba ya watu kwa malipo, wakaimba na kucheza kwenye sherehe, wakatia fedha kwenye kapu moja, na kila zamu ilipofika mwanachama mmoja alinunuliwa mabati akaezua nyasi. Baada ya paa lilikuja tangi la maji ya mvua. Mwingereza alichangia paa la ukumbi. Mama wa Nyeri alianza na paa la mwenzake, na mkutano ukafanyika uani, kanisani au chini ya mti. Kwa maoni ya mwandishi huyu, huo ulikuwa uamuzi wa busara zaidi. Ukumbi mtu aweza kuufunga kwa kufuli.

Kufuli lenyewe lilikuja. Mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake iliunganishwa na KANU, chama pekee halali wakati huo, na uchaguzi wa shirika wa mwaka 1989 ukafanywa kwa mlolongo: wapiga kura walisimama nyuma ya mgombea wao mchana kweupe, waume na wakubwa wakitazama. Lady Denman asingelitambua shirika hilo. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1991, vyama vingi viliporudi.

Kufikia wakati huo basi la Mraru lilikuwa limemaliza deni lake zamani, na faida yake ilikuwa imewajengea wanachama duka.