Abayudaya wa Mbale

Abayudaya ni jumuiya ya Wayahudi wa mashariki mwa Uganda, wengi wao wakulima wa vijiji vinavyouzunguka mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Sinagogi lao kuu liko kwenye kilima cha Nabugoye. Hawatokani na wahamiaji, wala na pendekezo la Uingereza la mwaka 1903 la kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi ya Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya. Dini yao ilichipuka papo hapo, kwa kusoma Biblia.

Chimbuko

Mwanzilishi ni Semei Kakungulu, jemadari aliyewasaidia Waingereza kuitwaa nchi ya Bukedi na aliyeuanzisha mji wa Mbale. Alitarajia kuachiwa aitawale nchi hiyo. Badala yake madaraka yake yalipunguzwa mwaka hadi mwaka. Alijiunga na Bamalaki, madhehebu ya Kikristo yaliyoshika Sabato na kukataa dawa za hospitali. Kadiri alivyoisoma Torati ndivyo alivyoona kwamba amri ya tohara haikufutwa. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Wenzake walipompinga wakisema kwamba hiyo ni desturi ya Kiyahudi, alijitenga nao na kujitangaza Myahudi.

Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kanuni na sala kwa Kiganda. Katika miaka hiyo Myahudi mgeni aitwaye Yosef aliwafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za vyakula, nao wakaacha ubatizo. Kakungulu alifariki mwaka 1928, na Samson Mugombe akawa miongoni mwa walioshika uongozi.

Miaka ya marufuku

Idi Amin alivunja uhusiano na Israel mwaka 1972. Chini ya utawala wake ibada za Kiyahudi zilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi walihamia Ukristo au Uislamu; jumuiya iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 ilibaki na mamia machache, waliosali kwa siri hadi Amin alipoangushwa mwaka 1979. Bila ujasiri wao, historia hii ingeishia hapo.

Ufufuo

Katika miaka ya 1980 vijana walianza kuijenga upya jumuiya Nabugoye. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo waliwathibitisha mamia ya waumini kwa taratibu rasmi za kuingia Uyahudi. Gershom Sizomu alisomea urabi Los Angeles, Marekani, akawekwa wakfu mwaka 2008. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Mwaka huohuo lilifunguliwa Sinagogi la Stern. Kijijini Putti, kundi jingine linafuata mkondo wa Kiothodoksi.

Tangu mwaka 2004, ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, yaani "amani tamu", umewaunganisha wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa eneo hilo.

Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa ombi la mmoja wa Abayudaya la kuhamia huko kama Myahudi. Hata hivyo, uthabiti wa Abayudaya haujawahi kutegemea hati ya serikali yoyote: walishika Sabato kabla ya kuwa na rabi, na waliishika ilipokuwa hatari kufanya hivyo.