Ada na Msongamano: Ethereum na Solana, Usiku wa Kuamkia Mei Mosi 2022

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 2022, mitandao miwili ya blokucheni iliyokuwa ikigombea wateja walewale ilielemewa ndani ya saa chache. Iliyotangulia ni Solana. Ada yake ilikuwa ndogo mno wala haikupanda kwa kadiri ya msongamano. Hivyo roboti zilizowania hati za kidijitali ziliweza kurudia ombi lilelile mara nyingi karibu bila gharama. Mafuriko hayo yalijaza kumbukumbu za kompyuta za wathibitishaji, kura za kukamilisha bloku hazikutimia, na mtandao ukasimama kwa takribani saa 7 hadi wathibitishaji walipopatana kuuwasha upya.

Ethereum haikusimama. Tangu Agosti 2021 ilitoza ada ya msingi inayopanda kila bloku zinapojaa kupita kiwango kilicholengwa. Usiku uleule vilipouzwa viwanja vya kubuni vya mchezo wa Otherside, takribani 55,000, wapo waliolipa ada kuliko bei ya kiwanja chenyewe, na hata miamala iliyoshindwa ilitozwa. Kusema kwamba Ethereum ilistahimili ni kweli kwa upande wa mtandao. Mnunuzi mdogo alifungiwa mlango na bei, jambo lisiloonekana katika hesabu ya saa za kuzimika.

Baadaye Solana nayo iliruhusu ada ya kipaumbele, iliyokusudiwa kupanda pale tu akaunti ileile inapogombewa, ili mnada mmoja usiwapandishie wengine gharama.