Nembo ya Bibi Si Kovu

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ilinijia hivi karibuni nilipokuwa Lushoto, mji wa milimani ambao Wajerumani waliuita Wilhelmsthal.

Karibu na soko nilimkuta kijana mchoraji akinakili picha ya kale ya mwanamke wa Kimakonde. Picha ilitoka katika kitabu cha Karl Weule, msomi wa makumbusho ya Leipzig, ambaye mwaka 1906 alizunguka Lindi, Masasi na Newala akipiga picha na kunasa nyimbo za wenyeji. Wakati huo vita vya Maji Maji vilikuwa havijaisha kusini. Mama yule amesimama mbele ya mgeni, mdomoni ana ndonya, usoni ana nembo. Chini yake limeandikwa kabila tu. Jina hakuna.

Lakini katika mchoro wa kijana nembo hazikuwamo. Uso ulikuwa laini kama wa msichana wa tangazo la sabuni. Nikamwuliza sababu.

"Mzee, wanunuzi wataona ni makovu," alijibu. "Watadhani mama huyu aliteswa."

Pembeni yetu alikuwa ameketi bibi mmoja mwenye mistari ya rangi ya wino mashavuni. Alikuwa amepanda kutoka Mombo kumtazama bintiye aliyeolewa na Msambaa. Marehemu mumewe alikuja Tanga kama manamba wa mkonge, njia waliyopita Wamakonde wengi, na wengine hawakurudi kwao tena.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Akautazama mchoro kwa muda. "Huyu mmemvua nguo. Mimi nilichanjwa nikiwa msichana. Fundi alichana kwa kisu kidogo, akapaka masizi, na siku nyingine akarudia ili rangi ikolee. Niliuma meno, sikulia mbele ya wenzangu. Sasa mkizifuta, nani atajua huyu ni binti wa wapi?"

Wapo watakaosema desturi ile ilikuwa ya maumivu, na heri imetoweka. Nakubali. Hata mimi sitaki mjukuu wangu achanjwe. Lakini kuiacha desturi ni jambo moja, na kumfuta aliyeishi nayo ni jambo jingine kabisa. Mwenye kitabu alimnyima mama yule jina. Je, sisi tumnyime na uso?

Lugha yetu yenyewe haijasahau. Taifa lina nembo, mashirika yana nembo, na neno ni lile lile la mashavuni mwa mabibi zetu. Hatuoni haya kuipiga chapa juu ya barua. Kwa nini basi tuione haya juu ya uso wa mama?

Nilipoondoka, bibi alikuwa amekishika kile kitabu, akimwonyesha kijana kwa kidole kila mstari unapoanzia na unapoishia. Kijana alikuwa ameanza upya.

Nawe, ndugu msikilizaji, kama nyumbani kwenu yupo bibi mwenye nembo, muulize leo alichanjwa wapi na nani. Kisha chukua picha yake na uandike jina lake nyuma, kabla hajabaki kabila tu.