Nani Huweka Lengo, Nani Hulipima: Vikundi vya Vijana kutoka Bujumbura hadi Gatumba

Katika historia ya vikundi vya vijana vya Bujumbura na vitongoji vyake, suala la uongozi limejitokeza kwa sura mbili ambazo ni rahisi kuzichanganya. Ya kwanza ni kuweka lengo, yaani kutamka pamoja jambo ambalo kikundi kinakusudia kulitimiza na sifa wanazotakiwa kuwa nazo watakaokiongoza. Ya pili ni tathmini, yaani kulirudia lengo hilo baada ya muda na kupima kama limefikiwa, kama lilistahili kuwekwa, na nani aliyebeba gharama yake. Gatumba, mji mdogo ulio kati ya mto Rusizi na mpaka wa Kongo, kwenye barabara iendayo Uvira, ni mahali panapofaa kuitazamia historia hiyo, kwa sababu mawimbi mengi yaliyowakusanya au kuwatawanya vijana wa pwani hii ya ziwa Tanganyika yamepita hapo.

Kabla ya kuja kwa vyama na klabu, Warundi walikuwa na utaratibu wao wa kumwandaa kiongozi, nao ni ule wa abashingantahe, wazee waadilifu wa kilimani waliosuluhisha migogoro, wakashuhudia makubaliano ya ardhi, na ambao ushauri wao hata watawala waliuzingatia. Mtu hakujitangaza mwenyewe kuwa mushingantahe. Alichunguzwa kwa miaka na waliomtangulia, akasindikizwa na mlezi, akahudhuria mabaraza akiwa msikilizaji, na mwishowe akaapa hadharani, ili kila jirani aliyekisikia kiapo aweze kumdai siku za mbele. Utaratibu huo ulikuwa na upungufu mkubwa, kwani uliwaacha vijana nje ya baraza na kuwahesabu wanawake kupitia waume zao tu. Hata hivyo ulisimamisha kanuni ambayo vikundi vingi vya baadaye viliipoteza: anayetaka kuongoza hupimwa na wale watakaoishi na matokeo ya uamuzi wake, na kipimo hicho hakikomi siku anapokabidhiwa fimbo.

Utawala wa Wabelgiji, ulioshika Ruanda-Urundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulileta kupitia misheni na shule aina nyingine za mikusanyiko. Skauti, waliotokana na kambi ya majaribio ya Robert Baden-Powell kwenye kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, waligawanya vijana katika vikosi vidogo vyenye kiongozi wa rika lao, na viongozi hao wakakutana katika baraza lao kupanga safari ijayo na kuhukumu iliyopita. Jumuiya ya Xaveri, iliyoanzishwa Kivu katika miaka ya 1950 na padri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, Georges Defour, ilienea Kongo ya mashariki, Rwanda na Burundi ikiwa na nia ya kuwapa vijana wa Kiafrika malezi yaliyofanana zaidi na mazingira yao.

Lakini mchango mzito zaidi kwa mada hii ulitoka kwa JOC, chama cha vijana wafanyakazi Wakristo kilichoasisiwa Ubelgiji mwaka 1925 na padri Joseph Cardijn, ambacho wenzake wa Tanzania hujulikana kwa jina la VIWAWA. Cardijn aliwafundisha vijana wa viwandani njia yenye hatua tatu: kuona, kuamua na kutenda. Kuona kulimaanisha uchunguzi halisi, si hisia, kwa hiyo wanachama walitumwa kuuliza mishahara, saa za kazi, ajali na namna wasichana walivyotendewa kazini. Kuamua kulimaanisha kupima yaliyoonekana kwa mizani ya imani na haki. Na kutenda kulimaanisha kila mmoja kuchukua jukumu dogo linalowezekana, kisha kurudi mkutano uliofuata na kueleza alichofanya na alichoshindwa. Papa Yohane XXIII aliitaja njia hiyo kwa kuisifu katika waraka wake wa Mater et Magistra wa mwaka 1961. Ubora wake ni kwamba lengo huzaliwa baada ya uchunguzi wa wanachama wenyewe, na tathmini hurudi mikononi mwa walewale waliochunguza, jambo ambalo kwa jamii iliyotawaliwa na wageni, ambamo takribani kila agizo lilishuka kutoka juu, lilikuwa mageuzi makubwa kuliko walivyotambua mapadri walioileta.

Mwaka huohuo wa 1961 vijana wa Burundi walijikuta katikati ya siasa. Mwanamfalme Louis Rwagasore, kiongozi wa chama cha UPRONA, alishinda uchaguzi wa Septemba na kuuawa tarehe 13 Oktoba, na jina lake likachukuliwa na umoja wa vijana wa chama, Jeunesse Nationaliste Rwagasore. Lengo lililotamkwa lilikuwa umoja wa taifa, na hapana shaka kwamba wengi waliojiunga waliliamini kwa moyo wote. Hata hivyo, Januari 1962, miezi michache tu kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai, wanachama wake waliwashambulia viongozi Wahutu wa vyama vya wafanyakazi na wa chama pinzani katika kitongoji cha Kamenge, na watu wakauawa. Chini ya Michel Micombero, aliyetwaa madaraka Novemba 1966, umoja huo uligeuka kuwa Jeunesse Révolutionnaire Rwagasore, yaani JRR, na mwaka 1972, katika mauaji ambayo Warundi huyaita Ikiza, vijana wake walishirikiana na jeshi kuwasaka Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani na makasisi. Makadirio ya watafiti kuhusu waliouawa yanaanzia kama 100,000 na kwenda mbali zaidi.

Kisa cha JRR kinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyofanyika kwa kawaida, kwa sababu haukuwa umoja usio na malengo wala nidhamu. Ulikuwa na vyote viwili kwa wingi. Kilichokosekana ni mahali pa kuuliza. Lengo liliwekwa na chama, utekelezaji ukakaguliwa na chama, na kijana aliyesita hakuwa na mkutano wa kupeleka shaka yake isipokuwa kwa mkubwa yuleyule aliyempa amri. Ubaya huo haukuwa wa chama kimoja wala wa kabila moja. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura ilijaa makundi yenye silaha ya vijana wa pande zote mbili, Wahutu na Watutsi, likiwemo lile la Sans Échec la Watutsi, na mitaa mizima ikahamwa na watu wa kabila moja au jingine. Baada ya 2015, ripoti za tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa zilitaja mara kwa mara ukiukaji wa haki uliofanywa na Imbonerakure, tawi la vijana la chama tawala cha CNDD-FDD.

Katikati ya vita vilivyofuata mauaji ya Ndadaye walitokea waliojaribu njia nyingine. Centre Jeunes Kamenge, kituo kilichoanzishwa na wamisionari Waxaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, kiliendelea kuwapokea vijana Wahutu na Watutsi kwa michezo, maktaba na masomo ya lugha, na mwaka 2002 kikapewa tuzo ya Right Livelihood. Jamaa, chama kilichoanzishwa na Adrien Tuyaga na Abdoul Niyungeko, kilikwenda hatua ngumu zaidi, maana kiliwaita uwanjani, kwa kandanda, vijana waliokuwa wamebeba silaha dhidi ya wenzao, kisha kikawakalisha kuzungumzia waliyotenda na waliyotendewa. Hapo tathmini ilitangulia lengo, na mpangilio huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa kijana ambaye hajapata kueleza jana yake hawezi kuaminiwa na wenzake anapopanga kesho yao.

Gatumba yenyewe ilibeba sehemu yake ya msiba. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 kambi ya muda iliyowahifadhi hasa Wanyamulenge, Watutsi wa Kongo waliokimbia mapigano ya Kivu Kusini, ilishambuliwa, zaidi ya watu 150 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto, na kundi la waasi la FNL likadai kuhusika. Tarehe 18 Septemba 2011 watu zaidi ya 30 waliuawa katika baa ya mji huo. Baadhi ya watoto walionusurika mwaka 2004 walikulia Marekani, na miongoni mwao Sandra Uwiringiyimana, aliyekuwa na umri wa miaka kumi usiku ule, alizungumza mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 2014 na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 2017. Manusura hao walijiwekea lengo ambalo hakuna mkubwa aliyewaagiza, nalo ni kudai haki na kukumbuka kila Agosti, na kila kumbukumbu inakuwa pia siku ya kupima ni nini kimefanyika tangu ile iliyopita.

Kwa vijana waliobaki au waliorudi Gatumba, hali ni tofauti tena. Tangu Aprili 2020 Rusizi ilipovunja kingo zake, na baadaye kina cha Tanganyika kilipopanda, familia nyingi zimehamishiwa kwenye makambi, kwa hiyo kikundi kinachochagua viongozi mwanzoni mwa mwaka hakiwezi kuwa na hakika kwamba wanachama walewale watakuwepo mwishoni mwake. Katika mazingira hayo mpango wa miaka mitatu una manufaa madogo, ilhali lengo fupi linaloweza kupimwa kila mwezi, na uongozi wa zamu unaomfikia msichana mchuuzi wa mpakani sawasawa na mwanafunzi, vina nafasi ya kudumu.

Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama, lililopitishwa Desemba 2015, linataka vijana washirikishwe katika maamuzi ya amani, na limefungua milango mingi ya ufadhili. Pamoja na heri hiyo limekuja tatizo la zamani kwa sura ya upole, kwani mradi unaofadhiliwa huja na malengo yaliyokwisha kuandikwa na fomu za tathmini zinazosafirishwa kwenda kwa mfadhili, na nakala nyingine isipobaki kwa wanachama, wao hupoteza ushahidi wa kujifunzia. Kwa mtafiti wa historia upotevu huo una uzito wa pekee: nyaraka za misheni zimetunzwa, maagizo ya vyama yamechambuliwa vitabuni, lakini yale ambayo vijana wa bonde la Rusizi waliyaandika wao kwa wao, yaani mihtasari ya mikutano, ahadi na sababu za kushindwa, yamo katika madaftari ya nyumbani, na kazi ya kuyakusanya na kuyanakili inahitaji kufanyika kabla ya masika mengine ya mafuriko.