Mto Haupigiwi Kengele

Kwa miaka mingi nilifundisha historia chuo cha ualimu, na safari za Livingstone nilizimaliza kwa vipindi viwili: majina, tarehe, ramani. Habari ya kina cha maji sikuigusa. Naiandika sasa, ndugu msomaji, kwa sababu nami niliwahi kukwama.

Mwaka 1974 kijiji kimoja karibu na Masumbwe kilikuwa kikijenga darasa kwa kujitegemea. Nilikuwa mwalimu kijana, nikitaka paa liishe kabla ya mgeni kutoka wilayani. Magogo yalikuwa msituni, upande wa juu wa mto. Nikaagiza yafungwe chelezo, vijana wapande juu na kukiongoza kwa upondo. Ilikuwa Oktoba, maji ya magotini. Mzee mmoja wa Kisumbwa akaniambia, "Mwalimu, subiri mvua. Mto haupigiwi kengele." Nikamshukuru kwa adabu, nikaendelea na langu.

Hatukufika mbali. Chelezo kilikaa juu ya mchanga. Kijana mmoja akaruka kusukuma, kamba ikakatika, gogo likamwangukia mguuni. Mvua zilipokuja, mto ukayabeba magogo usiku, hatukuyaona tena.

Baadaye, nikisoma kwa utulivu habari za msafara wa Livingstone wa Zambezi, 1858 hadi 1864, nilijiona mle. Meli yake ya kwanza, Ma Robert, iliishia kwenye fungu la mchanga Desemba 1860. Ya pili, Pioneer, ilizama futi 5 majini. Katika mto Shire, unaotoka Ziwa Nyasa kwenda Zambezi, mabaharia walitumia majuma kuikokota juu ya mafungu, huku mitumbwi ya wenyeji ikipita. Livingstone mwenyewe alikiri kwamba meli ya futi 3 ingepita mwaka mzima.

Julai 1863 ilimfikia barua ya serikali ya Uingereza: msafara uvunjwe, warudi. Amri ilikuwa ya Waziri, lakini Shire ulikuwa umepungua, na Pioneer haikuweza kuteremka. Livingstone akaenda kwa miguu magharibi ya Ziwa Nyasa, mamia ya maili, akarudi kungoja. Maji yalipanda Januari 1864, ndipo wakaondoka. London ilitoa amri. Mto ndio uliotoa ruhusa.

Wako wasemao kuwa hizo zilikuwa shida za ufundi tu. Sikubaliani nao. Kina cha mto kilijulikana na waliouvuka kila siku. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza kabla ya kuagiza meli. Mimi sikuwa na udhuru hata huo, maana niliambiwa bila kuuliza.

Darasa lilipauliwa mwaka uliofuata. Yule kijana sasa ni babu, bado anachechemea, na kila tukikutana huniamkia "Shikamoo, Mwalimu." Mzee yule alifariki kabla sijamwomba radhi.