Safari ya eksirei hadi kitandani mwa mgonjwa

Mgonjwa aliyevunjika nyonga, au anayepumua kwa msaada wa mashine katika wodi ya mahututi, hapelekwi ovyo chumba cha eksirei. Eksirei ndiyo inayomfuata. Mtaalamu wa mionzi husukuma mashine yenye uzito wa mamia ya kilo hadi ubavuni mwa kitanda, hufungua breki za mkono wa mashine, kisha hukishusha kichwa chake kinachotoa mionzi juu ya kifua cha mgonjwa kwa mkono mmoja. Kichwa hicho ni chuma na madini mazito, lakini akikiachia hakianguki wala hakipandi. Wepesi huo ulitafutwa kwa miaka mingi, na waliouleta wamesahaulika kwa sababu sifa zote zimekwenda kwa mionzi yenyewe.

Vitani, na tyubu za kioo

Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua mionzi hiyo mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Muda si muda madaktari wa majeshi wakaanza kuisafirisha. Mwaka 1898, katika vita vya Sudan, Meja John Battersby wa jeshi la Uingereza alifikisha vifaa vyake Abadieh, kando ya Mto Nile. Umeme aliupata kwa baiskeli ya watu wawili iliyozungusha dainamo na kujaza betri. Baada ya mapigano ya Omdurman, majeruhi 121 wa Kiingereza walipelekwa huko. Kwa 21 kati yao, njia za kawaida hazikuweza kuonyesha kama risasi imebaki mwilini na iko wapi. Eksirei ilitoa jibu sahihi kwa 20.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Marie Curie aliweka mitambo ya eksirei ndani ya magari na kuyapeleka karibu na uwanja wa mapambano nchini Ufaransa. Alipata magari yapatayo 20, akasaidia kuanzisha vituo 200 vya kudumu, na binti yake Irène, aliyekuwa na umri wa miaka 16 vita vilipoanza, akawa msaidizi wake. Wanajeshi zaidi ya milioni moja walipimwa kwa huduma hiyo.

Katika zama hizo hapakuwa na tatizo la kusawazisha uzito. Chanzo cha mionzi kilikuwa tyubu ya kioo, nyepesi, iliyobanwa kwenye stendi. Kilichotisha ni hatari yake. Mionzi ilitawanyika kila upande, na nyaya zenye umeme mkali zilipita wazi juu ya mgonjwa na daktari. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison katika majaribio ya eksirei, aliungua, akakatwa mikono, na mwaka 1904 akafariki kwa saratani.

Usalama waleta uzito

Dawa ya hatari hiyo ilikuwa kuifunika tyubu. William Coolidge wa Marekani, aliyebuni tyubu mpya yenye waya wa moto mwaka 1913, alikuwa miongoni mwa waliofungia tyubu na transfoma yake ndani ya tangi la mafuta. Miaka ya 1920, Albert Bouwers wa Philips, Uholanzi, alitengeneza tyubu ya Metalix, iliyobeba kinga yake yenyewe dhidi ya mionzi. Hatua hizo ziliokoa maisha ya wengi, lakini kila kinga iliongeza kilo. Kichwa kilichokuwa kioo tupu kikawa mzigo wa kuvunja mgongo, na mzigo huo ulining'inia juu ya mtu aliyelala.

Jibu la kwanza lilikuwa la kale: jiwe la mizani. Ndani ya nguzo ya mashine, waya wa chuma ulipita juu ya kapi, kichwa upande mmoja na pande la chuma lenye uzito uleule upande wa pili, kama ndoo mbili za kisima kimoja, moja ikishuka nyingine inapanda. Njia hii ni ya uhakika, ila ina gharama. Kichwa cha kilo 30 hudai kilo 30 nyingine, na mtu anayesukuma mashine wodini hubeba adhabu ya zote mbili.

Ndiyo maana mafundi wakaigeukia springi, iliyo nyepesi zaidi. Hapo wakakutana na kanuni aliyoieleza Robert Hooke mwaka 1678: springi kadiri inavyovutwa ndivyo inavyozidi kuvuta. Uzito wa kichwa haubadiliki, nguvu ya springi hubadilika. Ufumbuzi mmoja ulikwishajulikana kwa mafundi saa wa Ulaya, nao ni gurudumu lenye umbo la pia. Springi ikiwa na nguvu nyingi huvuta kwenye upande mwembamba, ikilegea huvuta kwenye upande mpana, na matokeo hubaki yaleyale.

Kwa mashine zenye mikono inayopinda, msaada ulitoka nje ya tiba. Mwaka 1932 George Carwardine, mhandisi wa magari wa Uingereza, aliandikisha hataza ya mkono wa springi ambao baadaye ulibeba taa ya mezani ya Anglepoise. Mwaka huohuo Lucien LaCoste, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas aliyekuwa akishughulikia kipima mitetemo ya ardhi, alibuni springi inayoweza kusawazisha mzigo katika kila pembe. Misingi hiyo ndiyo inayobeba mikono mingi ya vifaa tiba leo.

Kinachopaswa kukaguliwa

Sasa zipo mashine za kidijitali zenye uzito wa kilo chache tu, zinazobebwa hadi vijijini kutafuta kifua kikuu. Hata hivyo, kazi nzito ya wodini bado hufanywa na mashine kubwa, na usalama wake unategemea sehemu zisizoonekana. Waya huchakaa uzi mmoja baada ya mwingine. Springi iliyovutwa huhifadhi nguvu kubwa. Fundi akiondoa kichwa bila kuifunga kwanza, mkono hufyatuka juu na unaweza kumuua.

Hospitali inayonunua au kupokea mashine ya namna hii haina budi kuuliza, pamoja na ubora wa picha, waya ulibadilishwa lini na kama ipo kinga ya kukishika kichwa waya ukikatika. Mhandisi wa vifaa tiba anayefungua nguzo ile na kuikagua anamlinda mgonjwa sawasawa na yule anayepima mionzi, na anastahili bajeti, muda na heshima ileile.