Muji wa Beni na kura ya jimbo: miaka 12, kisha miaka 2

Kila mara tukiongelea uchaguzi hapa kwetu, mazungumzo yote yanakimbilia kwa rais. Nani alishinda, nani aliibiwa. Leo nataka tushuke chini kidogo, tuangalie kura ya depite wa jimbo katika eneo moja tu la uchaguzi: muji wa Beni, na komine zake nne, Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Kwa sheria yetu, depite wa jimbo njo anachagua gavana na maseneta. Kiti chake kikikosa uzito, muji wote unakosa sauti.

Beni ilipewa cheo cha muji mwaka wa 2003. Kura yake ya kwanza ya jimbo ilifanyika tarehe 29 Oktoba 2006, siku moja na duru ya pili ya rais kati ya Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba. Kivu ya Kaskazini ilimpa Kabila zaidi ya 90 kwa mia, juu watu walikuwa wamechoka na vita. Depite wa jimbo nao walichaguliwa, muhula wa miaka 5.

Walikaa 12.

Tarehe 28 Novemba 2011 tulichagua rais na depite wa taifa, lakini kura ya jimbo haikufanyika. Iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Gavana Julien Paluku, aliyechaguliwa na lile bunge la jimbo mwaka wa 2007, alibaki mpaka 2019. Mimi ni mtu wa kilimo, nahesabu hivi: mkakao uliopandwa siku ya kura ya 2006 unaanza kuzaa kisha miaka 3 ao 4. Basi umevunwa karibu miaka 8 mbele kura nyingine ya jimbo ifike. Na ndani ya miaka hiyo, toka Oktoba 2014, mauaji ya raia yakaanza Beni na pembeni yake. Watu wanazika, na wale wanaowawakilisha kule Goma wako na muhula uliokufa zamani. Kuna wanaosema hata depite mpya asingezuia mapanga. Inawezekana. Lakini mtu anayejua hutampigia kura karibuni, atakuogopa kwa nini?

Ikafika 2018. Safari hii kura tatu zilipangwa pamoja, ya rais, ya taifa na ya jimbo, kwa mashini ya kupigia kura, tarehe 30 Desemba. Ebola ilikuwa imetangazwa toka tarehe 1 Agosti, kuanzia Mangina. Tarehe 26 Desemba, siku 4 tu mbele ya kura, tume ya uchaguzi, CENI, ikatangaza kwamba muji wa Beni, teritwari ya Beni na muji wa Butembo, pamoja na Yumbi kule Mai-Ndombe, watachagua Machi 2019. Kwa upande wetu sababu zilikuwa Ebola na usalama mbaya. Lakini rais mpya alipaswa kuapishwa Januari. Kwa kura ya rais, kuambiwa Machi ni kuambiwa hapana.

Watu waliuliza jambo rahisi: soko ziko wazi, makanisa yanajaa, mbona foleni ya kura peke yake njo inaleta Ebola? Kesho yake kukawa maandamano, na hasira ikafika mpaka kwa kituo cha kupokelea wagonjwa wa Ebola, kikaharibiwa. Hapo hasira ilikosea mlango. Tarehe 30 ilikuwa tofauti kabisa: watu wa Beni walinawa mikono, wakapanga mistari, wakapiga kura yao wenyewe kwa makaratasi. Wengi walimuandika Martin Fayulu. Kinshasa haikuhesabu hata karatasi moja.

Sasa tuangalie hesabu. Waliobakishwa inje, pamoja na wa Yumbi, walikuwa zaidi ya milioni 1.2 kwenye orodha ya wapiga kura. Kwa matokeo ya CENI, Félix Tshisekedi alipata kura 7,051,013 na Fayulu 6,366,732. Tofauti ni 684,281. Sisemi sisi tungebadilisha matokeo, hakuna anayeweza kulijua. Nasema tu pengo lilikuwa dogo kuliko idadi ya watu waliofungiwa mlango.

Na ile sababu ya ugonjwa? Mwisho wa Desemba wagonjwa walikuwa karibu 600. Machi walipita 1,000, wiki moja tu mbele ya kura. Hata hivyo tarehe 31 Machi 2019 Beni ilichagua, ya taifa na ya jimbo. Ebola ilikuwa kubwa zaidi, na uchaguzi uliwezekana.

Bunge jipya la jimbo likamchagua Carly Nzanzu Kasivita kuwa gavana. Kisha, tarehe 6 Mei 2021, utawala wa kijeshi ukaanza Kivu ya Kaskazini na Ituri, ile watu wote wanaita état de siège. Gavana akawa mwanajeshi, bunge la jimbo likasimamishwa. Depite tuliowangoja miaka 12 walifanya kazi miaka 2.

Tarehe 20 Desemba 2023 Beni ilipiga kura tena, utawala wa kijeshi ukiwa bado uko. Safari hii waliobaki inje ni ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru, juu ya vita ya M23. Siku 5 mbele, Corneille Nangaa, yule yule aliyeongoza CENI mwaka wa 2018, alikuwa Nairobi akitangaza muungano wake AFC, ambamo M23 iko. Januari 2025 M23 iliteka Goma.

Toka hapo ofisi za jimbo zimehamia Beni. Gavana ni jenerali, Evariste Somo Kakule. Yuko ndani ya muji wetu, na hakuna depite hata mmoja aliyempigia kura.